Nimempata Mwalimu wa Piano Malindi, na Sitaki Kunyamaza

Niseme moja kwa moja, maana nikizungukazunguka nitapasuka: kukaa mbele ya piano na mwalimu aliyefundisha kwa miaka mingi, wewe na yeye tu, saa nzima, ni raha ambayo sikujua kwamba ipo pwani hii. Ndiyo kwanza nimeanza. Bado nacheza skeli ya Do polepole, mkono mmoja kisha mwingine. Hata hivyo nimeshaonja ya kutosha kumwambia kila mtu, kuanzia Malindi na Watamu mpaka Kilifi mjini na Mtwapa: ukisikia kuna mwalimu wa kweli mtaani kwako, piga hodi leo. Usingoje mtoto akue, usingoje mshahara upande, usingoje kununua ala. Nenda!

Mwalimu wangu ni mama mtu mzima, mstaafu wa shule, na kwa muda mrefu amekuwa mpiga kinanda wa kanisani. Anafundishia sebuleni kwake Malindi, madirisha wazi, tuktuk zikipita nje. Jina lake silitaji kwa sababu hataki matangazo, na kusema kweli wanafunzi alio nao wanamtosha. Mimi natoka Kilifi kwa matatu, napita Gede, nashuka mjini, na njia nzima vidole vyangu vinatembea juu ya mapaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nawa mikono, njoo ukae."

Kunawa ni sheria ya nyumba. Jasho na chumvi ya bahari havigusi vitufe vyake. Halafu kinafuata kiti, na hapa ndipo nilipoanza kuelewa niko mikononi mwa nani. Mwalimu alikisogeza nyuma, akaniketisha kwenye nusu ya mbele, akahakikisha nyayo zangu zimetulia sakafuni, kisha akaweka kiganja chake chini ya mkono wangu, kati ya kiwiko na kifundo, akaunyanyua kidogo mpaka ukawa sawasawa na usawa wa vitufe. Hakusema kitu. Alishika tu, akangoja bega langu lishuke lenyewe. Lilishuka! Sikujua kwamba nimelipandisha. Mkono mzima ukawa mzito kwa namna ya kupendeza, na vidole vikajipinda vyenyewe.

Baada ya hapo akanipa zoezi ambalo tangu siku hiyo namsimulia kila ninayekutana naye. Aliniambia nibonyeze kitufe kimoja mpaka chini bila kutoa sauti yoyote. Jaribu ukipata nafasi. Ukishuka taratibu sana, karibu na mwisho wa safari, kidole kinakutana na kijinundu kidogo, kama kizingiti, kisha kitufe kinaketi chini na piano iko kimya. Mwalimu akafungua kifuniko cha juu ili nione kinachotokea. Ndani kuna nyundo ndogo ya mbao, kichwa chake kimefunikwa kwa sufu ya kondoo iliyoshindiliwa. Kidole kinapobonyeza, kitufe kinairusha nyundo ile kuelekea kwenye uzi wa chuma, lakini kabla haijaugusa, pale pale kwenye kile kizingiti, mtambo unaiachia. Nyundo inaruka peke yake, inagonga, inarudi. Tangu ilipoachiwa huna mamlaka nayo tena. Unaweza kukandamiza mpaka kucha igeuke nyeupe, sauti haitaongezeka hata chembe.

"Sauti yako yote iko kabla ya hapo," akasema, na akagonga kile kizingiti kwa kidole chake. "Baada ya hapo ni kushikilia au kuachia tu."

Jamani! Sentensi mbili, na ghafla nikasikia tofauti kati ya mtu anayegonga piano na mtu anayeipiga. Miaka yote nimesikia vinanda kanisani, hotelini, harusini, na hakuna aliyewahi kunionyesha mahali sauti inapozaliwa.

Aliyebuni mtambo huo ni Bartolomeo Cristofori, fundi mzaliwa wa Padova aliyefanya kazi Firenze, mnamo mwaka 1700 hivi. Nyingi kati ya ala za vitufe za kabla yake zilikuwa zinakwanyua uzi, kwa hiyo ubonyeze kwa hasira au kwa upole, sauti ilikuwa ile ile. Cristofori alitaka kidole kiweze kunong'ona na kupaza, na nyundo yenye kuachiwa ndiyo iliyompa. Piano tatu alizozitengeneza kwa mkono wake zipo hadi leo, mojawapo, ya mwaka 1720, iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York. Sasa fikiria hili: Malindi yetu inawajua Waitaliano kwa majumba ya Casuarina, kwa pizza, na kwa roketi zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini, pale Ngomeni, kuanzia mwaka 1967. Mimi naongeza Cristofori juu ya orodha, na namweka wa kwanza. Tena maelekezo yaliyochapishwa juu ya noti, ya kwenda taratibu au kwa kasi, ya kupaza au kushusha, bado mara nyingi yanaandikwa kwa Kiitaliano duniani kote, na kijana wa ufukweni Malindi anayasoma bila kuuliza.

Najua utakaloniambia. Simu zipo, video zipo, programu za kufundisha piano zipo, nyingine ni bure. Nimezitumia na sizikatai. Programu inasikia noti uliyobonyeza na kukupa alama ya kijani ikiwa sahihi. Haioni bega. Haijui kwamba umezuia pumzi tangu mstari wa pili. Haitambui kwamba kidole cha pete kimekakamaa kwa sababu kinashirikiana mishipa na majirani zake, na kwamba ukikilazimisha kwa nguvu utajiumiza. Robert Schumann, mtunzi mkubwa wa Ujerumani, aliharibikiwa na mkono wa kulia angali kijana, ndoto yake ya kuwa mpigaji wa jukwaani ikaishia hapo, akabaki kuwa mtunzi. Mwalimu wangu huitaja habari hiyo kwa sauti ya kawaida kabisa kila anapoona mtu anakaza mkono, na mkono unalegea mara moja.

Aliyesoma Kurani chuoni anaujua mtindo huu bila kuelezwa. Unakaa mbele ya mwalimu, unasoma, anakukatiza hapo hapo ulipoteleza, unarudia, anakukatiza tena, na siku anaponyamaza unajua umefika. Hakuna kujificha nyuma ya darasa. Pwani hii imefundisha watoto wake hivyo kwa karne nyingi, herufi moja moja, ulimi mmoja mmoja, na mwalimu naye ana mwalimu wake, na wa mwalimu wake. Piano nayo ina mlolongo wa aina hiyo: Beethoven alimfundisha Carl Czerny, Czerny akamfundisha Franz Liszt akiwa mtoto, tena bila malipo, na Liszt akafundisha kundi kubwa la vijana hadi uzeeni. Mazoezi ya Czerny ndiyo yaliyo kwenye kabati la mwalimu wangu, kurasa zimegeuka rangi ya chai, na pembeni kuna alama za penseli za wanafunzi wa zamani.

Lakini subiri, sijafika kwenye kitu chenyewe. Kitu chenyewe ni chakacha.

Wanafunzi wa piano dunia nzima wana mlima wao mmoja maarufu: mkono mmoja upige mapigo mawili, na mkono wa pili, katika muda ule ule, upige matatu. Watu wanahangaika nao kwa miezi. Mwalimu hakungoja nifike huko. Nilipokuwa bado najifunza majina ya vitufe alifunga kifuniko, akaniambia niweke mikono juu ya mapaja na nihesabu mpaka sita, tena na tena, bila kusimama. Mkono wa kulia ugonge kwenye moja, tatu na tano. Wa kushoto ugonge kwenye moja na nne. Taratibu. Pamoja, kulia, kushoto, kulia. Pamoja, kulia, kushoto, kulia. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa harusini, akipiga makofi juu yake, na mwili wangu ukaitikia kabla sijafikiri, kiuno kikaanza kwenda, kwa sababu hiyo ndiyo chakacha! Yale mapigo sita ambayo akina mama wa pwani wanayachezea usiku kucha kwenye harusi, ambayo sikio moja linayahesabu kuwa mawili na jingine linayahesabu kuwa matatu, ndiyo hayo hayo. Them Mushrooms, wale ndugu wa familia ya Harrison kutoka Kaloleni, waliyaingiza kwenye gitaa na kuyapeleka mahotelini na redioni. Tumeyasikia tangu tumboni.

Akafungua kifuniko, akapiga kurasa chache za mwanzo wa Arabesque ya kwanza ya Claude Debussy, kipande cha Kifaransa cha mwisho wa karne ya 19, chepesi kama maji yanayotiririka. Ndani yake, dhahiri kabisa, matatu juu ya mawili. "Umesikia?" akauliza. "Huko Ulaya pigo hili wanalifanyia mazoezi. Wewe unalo tayari, kazi yangu ni kulishusha kutoka kiunoni mpaka vidoleni."

Sikulala vizuri usiku huo kwa furaha.

Hili ndilo ninalotaka watu walielewe kuhusu mwalimu mzoefu, na ndilo linalonifanya nipige kelele. Mwalimu mchanga, hata akiwa mpigaji hodari, anakupa alichokariri. Mzoefu anakutazama kwanza, anatafuta ulichokuja nacho, na anajenga juu yake. Amekuona wewe mara nyingi kabla hujaja, kwa sura za wanafunzi wengine: mwenye haraka, mwenye woga, aliyekulia kwaya, aliyekulia ngoma. Kwangu mimi alianza na mdundo. Kwa msichana anayeingia baada yangu, aliyelelewa kwaya ya kanisa, anaanza na solfa.

Na solfa ni hazina ya aina yake hapa kwetu. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walifungua misheni yao Rabai, ndani ya kaunti hii ya Kilifi, mwaka 1846. Miaka ile ile huko Uingereza John Curwen alikuwa akiieneza njia ya kuimba kwa herufi, do-re-mi iliyoandikwa kama abjadi ya kawaida, bila mistari mitano, na wamisheni wakaisambaza kotekote Afrika. Leo mwimbaji wa kwaya ya Kenya, awe Rabai au Malindi, ukimpa karatasi ya solfa anakuimbia sauti yake papo hapo. Anasikia umbali kati ya noti na noti kabla hajaigusa ala. Mtu kama huyo akiletwa kwa mwalimu anayeijua solfa, nusu ya safari imekwisha: anaimba "do, mi, so", mwalimu anamwonyesha kwamba ni kitufe, ruka kimoja, ruka kingine, na kordi ya kwanza ya maisha yake inalia chini ya mkono wake. Nimemwona yule msichana uso unavyobadilika. Kinachobaki ni kumfundisha mistari mitano, na hilo huja kwa mazoezi.

Sasa nije kwenye ala yenyewe, maana hapa pwani ina habari zake.

Piano halisi ina vitufe 88, 52 vyeupe na 36 vyeusi, na ndani yake nyuzi za chuma zinazokaribia 230, zimevutwa kwa nguvu ya jumla inayofikia tani 18 au zaidi. Nguvu yote hiyo inashikiliwa na fremu ya chuma, lakini sauti inatoka kwenye ubao mwembamba ulio nyuma. Ubao ni mti, na mti hunywa hewa. Masika yakiingia na kusi ikivuma, unyevu unapanda, ubao unavimba, nyuzi zinavutika zaidi na sauti inapanda. Kaskazi ikirudi na ukavu wake, zinashuka. Chumvi inaleta kutu kwenye nyuzi, vitufe vinavimba na kukwama, nondo wanapenda sufu ya nyundo, na mchwa hawana haja ya kuelezwa. Piano ya ukutani ya mwalimu wangu imeishi yote hayo. Ndani yake kuna kifaa cha umeme cha kupasha joto kidogo, kinawashwa usiku na mchana ili kukausha hewa. Miguu imewekwa juu ya vikombe vya kioo, mbali na sakafu. Imesimama dhidi ya ukuta wa ndani, si ule unaotazama bahari, na kifuniko hakiachwi wazi baada ya somo. Fundi wa kuityuni anaitwa kutoka mbali, akija anakaa nusu siku, akivuta La ya kati mpaka ifike mitetemo 440 kwa sekunde kisha akishuka na kupanda kutoka hapo.

Je, inastahili taabu yote hiyo? Ndiyo, mara mia! Bonyeza Do moja taratibu mpaka chini bila kutoa sauti, shikilia, halafu gusa kwa haraka Do iliyo juu yake na uiachie. Utasikia ile ya juu ikiendelea kuimba yenyewe ndani ya uzi wa chini ambao hukuugonga. Mwalimu alinionyesha hivyo akiwa anamenya chungwa, kana kwamba ni jambo la kawaida, na mimi nikabaki nimeinama juu ya kifuniko nikisikiliza.

Pembeni ana piano ya umeme, na juu ya hiyo pia ana maoni thabiti. Kwa mazoezi ya nyumbani pwani, anasema, ndiyo inayofaa: haijali unyevu kwa kiasi kile, haihitaji kutyuniwa, ina tundu la spika za masikioni kwa ajili ya majirani. Sharti ni moja, iwe na vitufe 88 vyenye uzito wa nyundo. Vile vinanda vidogo vyepesi vya vitufe 61 vinavyojaa madukani Mombasa vinafaa kujifunza majina ya noti, lakini kidole hakikutani na uzito, na mwanafunzi aliyezoea humo akija kwenye piano halisi mkono unapotea. Ya umeme yenye uzito si lazima iwe ya kifahari. Yamaha P-145, iliyotoka mwaka 2023, au zile za Casio za mfululizo wa CDP-S, zina uzito wa kilo 11 hivi, mtu mmoja anabeba, inaingia kwenye tuktuk. Na stima ikipotea, jambo ambalo halimshangazi mtu hapa, tunahamia kwenye ile ya ukutani na somo linaendelea na mshumaa. Hiyo peke yake nusura inifanye nipige vigelegele.

Kuna mtu ameniuliza kama kujifunza piano si kuiacha taarabu. La hasha! Vitufe vilifika kwenye muziki wa pwani zamani, kwa harmonia ya Kihindi na kwa kinanda cha umeme. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014, alisifika kwa taarabu yenye mahadhi ya Kihindi, na nyingi kati ya tuni hizo zinakaa juu ya vitufe bila shida. Mwalimu ananifundisha kuzitafuta kwa sikio, mkono wa kulia peke yake, kama zoezi la mwisho wa somo. Panapogoma ni kwenye udi. Mtindo wa Kiarabu aliokuwa akiupiga Zein l'Abdin wa Lamu una sauti zinazokaa katikati ya kitufe na kitufe, mathalani ile Mi ya makam ya Rast ambayo si Mi wala si Mi flati. Udi hauna vizuizi shingoni, kidole kinateleza mpaka kinapotaka. Piano haiwezi. Mwalimu alinipigia Mi, kisha Mi flati, akaimba ile iliyo baina yao, tukacheka wote wawili kwa sababu sikio langu liliitambua na piano haikuwa nayo. Nampenda kwa uaminifu huo. Hakujaribu kuniambia kwamba piano ina kila kitu.

Tena Malindi haijawahi kuogopa ala ngeni wala kuona haya kuonyesha zake. Vasco da Gama alipotia nanga hapa Aprili 1498, mwandishi wa safari ile aliandika kwamba mfalme wa Malindi alikuja na wapiga tarumbeta, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizochongwa, ndefu kama mtu, zinazopulizwa kwa tundu la ubavuni, na kwamba zilipatana vizuri na tarumbeta. Muziki wa pamoja, sauti zilizopangwa, miaka 200 kabla Cristofori hajatengeneza piano yake. Huwa naufikiria msafara ule ninapopita karibu na mnara wa da Gama.

Malipo? Somo moja linanigharimu pungufu ya nauli ya basi kwenda Nairobi na kurudi, na nakwambia ni rahisi kwa kinachopatikana. Kasoro kubwa ya jambo hili zima ni uchache. Walimu wa aina hii ukanda wetu ni wa kutafuta kwa tochi. Nairobi wana Kenya Conservatoire of Music tangu mwaka 1944, Zanzibar wana chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, tangu 2002, ambako udi, kanuni, fidla na piano vinafundishwa chini ya paa moja. Kati ya Mtwapa na Malindi unategemea kuuliza: makanisani, kwa walimu wa kwaya, kwa wapigaji wa hotelini, kwa shule zenye somo la muziki. Uliza bila haya. Na ukimpata mtu, muulize amefundisha wanaoanza kwa muda gani, na umwombe akuruhusu kukaa pembeni somo moja la mwanafunzi mwingine. Mwalimu mzuri hatakataa. Mtazame anafanya nini mwanafunzi anapokosea: akirukia kupiga mwenyewe ili aonyeshe, endelea kutafuta, akinyamaza kidogo na kutazama mkono, jiandikishe.

Anayetaka vyeti naye hana udhuru. Mitihani ya ABRSM ya Uingereza, taasisi iliyoanza mwaka 1889, ina daraja la 1 hadi la 8, na tangu 2020 kuna aina ya mtihani unaorekodiwa kwa video: vipande vinne mfululizo, bila kukata, kisha unatuma. Mtoto wa Malindi anafanya mtihani wake sebuleni, simu ikiwa juu ya kigoda, bila kusafiri popote. Mwalimu hanisukumi huko. Anasema kwanza nipate sauti. Ameniahidi kwamba wakati ukifika ataniingiza kwenye ile Minueti ya Sol ya kitabu cha Anna Magdalena Bach cha mwaka 1725, ambayo kwa vizazi vingi ilidhaniwa kuwa ya Bach mwenyewe kumbe ni ya Christian Petzold, na tayari nimeinunua karatasi yake, naiangalia kila usiku.

Kwa sasa niko kwenye gumba. Skeli ya Do, mkono wa kulia: gumba, cha pili, cha tatu, halafu gumba lipite chini ya kiganja lidakie Fa kabla ya kuhitajika, bila kiwiko kuruka nje. Mwalimu anaweka kidole chake kimoja juu ya kifundo cha mkono wangu, chepesi kama nzi, na kifundo kikiinuka anajua, nami najua. Ilipopita mara ya kwanza bila kukatika, noti nane zikiwa uzi mmoja, alisema "Ehee!" kwa nguvu mpaka mtu aliyekuwa barazani akauliza kuna nini.

Jumamosi ijayo tunaingia skeli ya Fa, ile yenye Si flati, ambako kidole cha nne ndicho kinachopanda juu ya kitufe cheusi na gumba linangoja mpaka Do. Ameshaniandikia daftarini kwa penseli, pamoja na kazi ya nyumbani: dakika 20 kila siku, asubuhi kabla ya joto, mkono wa kushoto kwanza.